Rupia ya Ogweno wa Sori

Nilifunga kabati la sarafu kwa mara ya mwisho Ijumaa iliyopita, nikawaachia vijana funguo, na tangu siku hiyo wananipigia simu kila asubuhi. Mama Truphosa, hii ina ufa au ni mkwaruzo? Mama, hii imegongwa muhuri au imemiminwa kwenye kalibu? Nimechoka. Sarafu haihukumiwi kwa simu, kama vile mchuzi hauonjwi kwa barua. Basi nimekaa hapa kwangu Kosele, miwani puani, niwaandikie kazi ilivyokuwa. Mshahara sitautaja, kwa maana hata wakati ule haukutajika. Wala sitasema nilipandishwa lini kuwa nani, kwa sababu duka lilikuwa na watu wawili, na mmoja wao alikuwa mwenye duka.

Mwenyewe aliitwa Ramji, fundi wa saa mjini Migori. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilimpelekea saa ya marehemu baba itengenezwe. Aliponirudishia, nilimwambia skrubu moja si ya saa ile, kwa kuwa mng'aro wake ulikuwa wa juzi. Watu wengine wangekasirika. Yeye alivua lenzi jichoni, akaniangalia mimi badala ya saa.

"Wewe nyar wapi?" aliniuliza. Ndivyo kwetu mwanamke anavyoulizwa, ni binti wa wapi.

"Nyar Kosele."

"Macho yako ni ya shida, nyar Kosele. Kesho kuja kazini."

Ramji alizaliwa Homa Bay, na Dholuo chake kilikuwa safi kama cha mtu wa Rangwe. Kiswahili ndicho kilimshinda, naye hakujali. Saa zilimpa chakula, lakini moyo wake ulikuwa kwenye sarafu za kale. Wazee walizileta kutoka vijijini na kutoka ng'ambo ya mpaka: shilingi za fedha zenye simba, senti zenye tundu katikati, heller na rupia za Mjerumani. Yeye alizipima, akazipeleka kwa wakusanyaji wa Nairobi ambao sikuwahi kuwaona. Kila Alhamisi tulikwenda Homa Bay na sanduku moja, tukaweka meza nje ya duka la binamu yake.

Siku yangu ya kwanza nilitarajia kufundishwa. Alinipa shilingi moja ya simba, akaniambia niitazame. Jioni akaichukua. Kesho yake akanipa ileile. Ilikuwa hivyo wiki nzima, na nikaanza kuamini yale watu wa soko waliyosema, kwamba mzee ana kichaa kidogo. Siku ya saba aliichanganya na nyingine arobaini, akamwaga zote mezani, akasema, "Tafuta yako." Niliipata. Akanifunga macho kwa kitambaa, akazimwaga tena. Niliipata tena, kwa kidole gumba. Sijui nilijuaje, na hilo lilinitia baridi kidogo. Ukikaa na kitu muda mrefu kimyakimya, nacho kinakuzoea.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache, na nyinyi wenye mashine za leo mtacheka. Mizani ndogo ya kupimia dhahabu, lenzi ya jicho moja, sumaku, kipande cha marumaru cha kudondoshea sarafu usikie mlio wake, na mwiba wa mgunga. Mwiba, si sindano. Sindano hukwaruza fedha, mwiba hukwangua uchafu tu na kuiacha fedha salama. Na hata huo mwiba Ramji alinikataza kuutumia bila ruhusa yake. Usioshe, usisugue, usitie majivu wala ndimu. Sarafu iliyooshwa ni kama shahidi aliyefundishwa maneno, alisema, hata akisema kweli huwezi kumwamini.

Bandia zilitusumbua, lakini hazikunitia hofu. Nyingi zilitoka upande wa machimbo ya dhahabu ya Nyatike, ambako vijana waliyeyusha mifereji ya shaba na kumimina kwenye mchanga. Ngozi yake ina chunusi, herufi zimelegea, ukingo una mshono, na ukiidondosha inalia kama kijiko cha bati. Aliyeileta naye huwa na haraka. Mtu mwenye sarafu ya babu yake hana haraka, atakuhadithia habari za babu hadi chai ipoe.

Zilizonisumbua ni zile halisi zilizoharibiwa. Hapo kuna swali la pili ambalo bandia haina: nani aliifanya hivi, na kwa nini? Mama mmoja Mkuria kutoka mpakani alituletea mkebe wa shilingi kumi na moja. Zote zilikuwa za kweli, uzito kamili, mlio kamili. Na kwenye kila moja, mfalme wa Uingereza alikuwa ametobolewa jicho kwa msumari.

"Nani ameharibu hizi, mama?" nilimuuliza.

"Mama mkwe. Alisema huyo mzungu anatuangalia tukilala."

Ramji alicheka, akamweleza kwa upole kuwa mkusanyaji hatazitaka. Yule mama hakununa. Alituachia moja kama shukrani ya kumsikiliza, akaenda zake. Niliiweka rafuni, uso chini, kwa sababu lile tundu la jicho halikunipendeza. Asubuhi niliikuta uso juu. Nikaigeuza. Kesho yake, uso juu. Nilidhani ni Ramji ananitania, nikakaa kimya ili nisimpe raha. Baada ya mwezi akaniuliza kwa hasira kidogo kwa nini nilikuwa nageuzageuza shilingi ya yule mama kila jioni. Tuliangaliana. Siku hiyohiyo akaifunga kwenye karatasi, na Alhamisi iliyofuata akaitupa ziwani Homa Bay, tukaendelea na kazi.

Sarafu niliyoipenda kuliko zote ni ya shingoni. Mtu akivaa sarafu miaka mingi kama kidani, upande wa nyuma hulika kwa ngozi, wa mbele hulika kwa nguo, na ndani ya herufi hujaa uchafu wa kahawia, mgumu kama nta: jasho, mafuta ya kujipaka, vumbi, moshi wa jikoni. Ukiitazama kwa lenzi unamwona mwenyewe. Unajua anainamia mkono gani akifanya kazi.

Ya Ogweno ilikuwa hivyo. Ogweno alikuwa mvuvi wa Sori, mrefu, mwenye kicheko kilichosimamisha saa ukutani, kama Ramji alivyomtania. Alikuja kwetu katikati ya miaka ya tisini, kitanzi cha rupia yake kimekatika. Ilikuwa rupia ya Mjerumani, ya fedha, yenye Kaisari aliyevaa kofia ya chuma na ndege amekaa juu yake. Babu yake aliipata kwa kuwabebea Wajerumani mizigo wakati wa vita, akarudi na rupia moja na bega moja zima. Baba yake aliivaa, sasa anaivaa yeye. Ramji alichomelea kitanzi kipya, kidogo, chenye nundu upande wa kushoto kwa sababu mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka. Muda wote huo Ogweno alishika ukosi wa shati lake, ameufunga kwa ngumi, kama mtu aliyesimama uchi.

"Nikiwa bila hii," aliniambia, "mke wangu hataki hata kuniangalia. Anasema ninakaa kama mtu mwingine."

Mwaka uliofuata tulisikia mtumbwi wake umepinduka. Wenzake wawili walipatikana. Yeye hakupatikana.

Kwetu, mtu akipotea majini na mwili usionekane, haachwi hivihivi. Huchukuliwa tunda la yago, lile refu na zito kama mtoto mchanga, linaloning'inia mtini kwa kamba. Huzikwa badala yake, kaburini, kwa matanga na kilio kamili. Baada ya hapo yeye ni marehemu, na mkewe ni mjane ambaye ndugu wa mumewe aweza kumrithi. Mkewe Ogweno, Pilista, alikataa. Alisema mume wake yu hai, na yago halitaingia ardhini akiwa anapumua. Wazee wa boma walimvumilia miezi minane.

Mwezi wa nane walikuja dukani. Nilikuwa nafuta vumbi kwenye marumaru nilipoona watu wanne mlangoni: mzee wa boma aitwaye Jaduong' (yaani Mzee) Nyagol, mzee mwenzake, Pilista, na Oduor, mdogo wake Ogweno. Wakati huo Ramji alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Alikaa kwenye kiti chake kando ya saa na kusikiliza, mimi ndiye niliyekuwa macho ya duka.

Oduor alifungua kitambaa. Ndani yake kulikuwa na rupia, nyeusi tititi.

"Nyavu yangu imeitoa kwa maji," alisema. "Huko karibu na mahali mtumbwi ulipinduka. Sisi hatutaki bei, madam. Tunataka tu useme kama ni yake."

"Si yake," alisema Pilista. "Ya bwanangu haikuwa nyeusi."

"Imelala kwa matope miezi nane, shemeji. Itakuwa nyeupe namna gani?"

Jaduong' Nyagol alinyanyua mkono, wote wakanyamaza. "Binti yangu," aliniambia, "huyu mama tumemngojea. Ukisema si yake, tutazidi kungoja. Ukisema ni yake na imetoka kwa maji, kesho tunakata yago. Hatuna mwingine wa kuuliza."

Niliipima. Gramu kumi na moja na nusu na ushee, kama inavyotakiwa. Niliidondosha kwenye marumaru, na kabla sijasema lolote Ramji akasema kwenye kiti chake, "Ndiyo. Mlio wake huo." Nikatazama kitanzi. Nundu ilikuwa upande wa kushoto. Nyuma imelika, mbele imelika, ndege wa kwenye kofia amebaki nusu.

"Ni yake," nilisema.

Pilista alishika ukingo wa meza.

"Na maji?" aliuliza Nyagol.

Nikaitazama tena kwa lenzi. Weusi ulikuwa umeienea yote. Fedha ikikaa kwenye matope ya ziwa huwa nyeusi, hilo mtoto wa shule anajua. Ramji akauliza, "Ndani ya herufi iko nini?"

"Uchafu tu," nilijibu.

"Uchafu gani?"

"Uchafu, mzee. Imevaliwa miaka mingi."

Alitaka kusema jambo, nikamwona akifungua mdomo. Lakini watu walikuwa wanangoja, na mimi nilikuwa na fahari ya mtu anayeulizwa na wazee. Nikasema, "Ni rupia ya Ogweno, na imelala majini." Nyagol aliniomba niandike, nikaandika kwenye karatasi ya duka na kutia sahihi. Pilista hakulia. Aliniangalia tu, kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu, kisha akasema kwa Dholuo asante, ero kamano, na sauti yake ilikuwa tupu kabisa.

Walizika yago wiki ile. Nilisikia kwamba Oduor alisisitiza rupia izikwe pamoja na tunda, ati marehemu asije kuitafuta. Nilisikia pia kuwa baada ya muda wa desturi Oduor alimrithi Pilista, na mtumbwi mpya, na kile kiwanja cha ufukweni, na kwamba Pilista alijifungua mtoto wa kike. Mambo hayo hayakunihusu. Ndivyo nilivyojiambia, na bado sarafu nyingine zote za shingoni nilizishika kwa haraka, nikaziweka chini upesi.

Ilikuwa yapata mwaka mmoja na nusu baadaye, saa saba mchana, jua limesimama katikati ya barabara. Duka lilikuwa tupu. Saa za ukutani, ambazo hazikuwahi kukubaliana, zilikuwa zikigonga kila moja kwa wakati wake. Mtu aliingia akivuta mguu. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani, na alishika ukosi wa shati lake, ameufunga kwa ngumi.

Nilisimama, kiti kikaanguka nyuma yangu.

"Ni wewe ulisema nimekufa?" aliuliza.

Ramji, ambaye haoni, aligeuza kichwa. "Ogweno," alisema, kama mtu anayemsalimia mteja. "Karibu. Keti."

Hakuketi. Alituhadithia amesimama. Mtumbwi ulipopinduka alishika pipa, akaokotwa na wavuvi wa ng'ambo, nyonga imevunjika. Alilazwa kambini kwao, mbali, miezi mingi bila kusimama. Alipopata mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, anayekuja Sori, alivua rupia shingoni na kumpa. "Mpe mke wangu," alimwambia, "ajue ningali hai, atume mtu." Mchuuzi alifika, akamkuta Oduor ufukweni, na kwa kuwa ni ndugu wa damu, akamkabidhi. Ogweno akangoja. Hakuja mtu. Akafikiri mkewe amemkataa, akakaa huko akishona nyavu za watu kwa huzuni na hasira, hadi mguu ulipomruhusu.

"Leo asubuhi nimefika kwangu," alisema. "Nimesimama mlangoni mwa boma, nimeita. Unajua wamefanya nini?"

Nilijua. Kule ziwani, pepo wa nyawawa wanaposikika wakipita, watu hupiga sufuria na mabati ili wasiingie nyumbani.

"Wamenipigia sufuria," alisema Ogweno. "Mchana. Watoto wa ndugu zangu. Na mke wangu alipiga ya kwake, analia na anapiga. Nyagol akaniambia kwa juu ya ua, sisi tulikuzika, duka la Migori liliandika."

Kisha akaweka mkono wake wazi juu ya meza yangu, pale ninapoweka sarafu. "Basi niangalie. Si wewe hujua ya kweli na ya uongo?"

Hapo ndipo niliposema kitu ambacho nilikuwa nimekijua zamani, ila siku ile ya wazee sikukikumbuka. Yai. Ukichemsha yai, ukalikata likiwa moto na kulifungia mkebeni pamoja na sarafu ya fedha, kesho yake sarafu ni nyeusi kama imelala kaburini. Matapeli wa mjini walifanya hivyo ili kitu kionekane cha kale na kipande bei, na Ramji alinionyesha mwaka wangu wa kwanza. Lakini mimi nilizoea watu wanaoghushi uzima. Haikunijia kwamba mtu angechukua kitu halisi na kughushi uharibifu wake. Na ule uchafu ndani ya herufi! Jasho na mafuta ya vizazi viwili, ungali umekauka pale pale. Miezi minane ya maji ingeulainisha na kuutoa wote. Mzee kipofu aliuliza mara mbili, nami mwenye macho nikamjibu "uchafu tu". Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena, na niliistahili.

Ramji alipapasa droo yake, akatoa mwiba wa mgunga, akanipa. "Enda," alisema. "Duka nafunga mimi."

Tulifika Sori kesho yake asubuhi. Nilitangulia mbele peke yangu, Ogweno akabaki nyuma ya ua wa mikatani, maana wakimwona wataanza tena sufuria. Niliwaambia wazee kila kitu: mchuuzi, yai, uchafu. Oduor alikuwa ameondoka kabla ya mapambazuko na mtumbwi, na hakuna aliyejua amekwenda wapi, jambo ambalo kwangu mimi lilikuwa ushahidi tosha. Kwa Jaduong' Nyagol halikutosha.

"Hiyo rupia unayosema ina jasho chini ya weusi," aliniuliza, "iko wapi?"

"Kaburini."

"Na nani atachimba kaburi la boma hili? Mimi? Wewe?"

Nilitazama huku na huku. Wanaume wazima waliangalia miguu yao. Kuna mambo hata pesa hainunui, na kufukua kaburi nyumbani kwa watu ni mojawapo.

Ndipo Ogweno akaingia kwa mlango wa boma. Hakuna aliyepiga sufuria safari hii, nadhani mikono iliwafia. Alipita katikati yetu akivuta mguu, akachukua jembe lililoegemezwa ukutani, akaenda hadi kando ya nyumba yake mwenyewe, pale palipokuwa na kilima kidogo cha udongo chenye majani yaliyokwisha kuota. Akaanza kuchimba.

Nimeona mengi kazini, lakini sijaona kitu kama kile. Jua lilikuwa kali, hakuna kivuli hata kimoja, na mtu anachimba kaburi lake. Kila jembe lilipoingia lilitoa mlio mzito, na wanawake walirudi nyuma hatua moja. Alizama hadi magotini, hadi kiunoni, hadi mabegani. Mwishowe tukaona kichwa tu, kisha hata kichwa hakikuonekana, udongo tu ulikuwa ukiruka kutoka shimoni, na mama mmoja akaanza kulia kilio cha msiba, kwa mazoea, hadi mwenzake akamziba mdomo.

Udongo ukakoma kuruka. Kisha mkono ukatoka shimoni, peke yake, umefungwa ngumi, ukiwa umenyooshwa upande wangu.

Nilipiga magoti ukingoni, nikapokea. Ilikuwa baridi, na imeshikamana na kitu laini kilichooza, nadhani ni ganda la yago. Nikavaa lenzi. Kwa haraka yangu nikajichoma kwa ule mwiba. Nikaingiza ncha ndani ya herufi ya kwanza ya jina la Kaisari, nikakwangua. Nta ya kahawia ikatoka kipande kizima. Chini yake fedha ilikuwa nyeupe, inang'aa kama siku ya kwanza. Herufi ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile. Weusi ulikuwa umekaa juu tu, haukupata kufika mahali jasho lilipolinda. Nikamwonyesha Nyagol, nikawaonyesha wazee wote mmoja mmoja, nikisema, "Hii haijawahi kulala ziwani. Ilitoka shingoni, ikaingia mkebeni."

Nyagol aliitazama muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwangalifu.

"Ulipotuambia amekufa," aliniuliza, "ulikuwa na hakika?"

"Ndiyo, Jaduong'."

"Na leo?"

"Ndiyo."

"Basi tukuamini mara gani, nyar Kosele?"

Niliichukua rupia mkononi mwake, nikainama na kumrudishia Ogweno shimoni. Miaka yote niliyofanya kazi baada ya hapo, na ni mingi, sijapata jibu la swali lile. Neno langu lilikuwa kifaa changu cha pekee ambacho Ramji hakunipa, na nilikuwa nimelipiga ufa mwenyewe.

Pilista ndiye aliyejibu. Alimpa jirani mtoto wake, akaja hadi ukingoni mwa shimo, akachuchumaa. Alimtazama aliye ndani kama nilivyomwona siku ile akinitazama mimi, muda mrefu, bila adabu. Kisha akateremsha mkono.

"Toka humo," alisema. "Nimechoka kuwa mjane."

Alimvuta. Mwanamke yule hakuwa na mwili mkubwa, lakini alimvuta, na Ogweno akatoka akiwa mwekundu kwa udongo kuanzia nywele hadi kucha. Nyagol alimwambia kwa sauti ya chini kwamba mtu aliyezikwa hawezi kulala ndani ya boma lile. Wazee hawana ruhusa ya kubadilisha hilo. Pilista akasema anajua. Akaingia nyumbani, akatoka na kitenge kimoja na kikapu, akamchukua mtoto wa Oduor kwa jirani, akamfunga mgongoni, na wote watatu wakatoka kwa mlango wa boma wakielekea njia ya Rangwe, kwao Pilista. Hakuna aliyewaaga, lakini hakuna aliyewazuia pia.

Nikageuka kuondoka. Nyagol akanizuia.

"Shimo haliachwi wazi," alisema. "Wewe ndiye ulilifungua mara ya kwanza, na kalamu yako. Lifunge."

Nilichukua jembe. Nilirudisha lile tunda lililooza, lililorushwa nje pamoja na udongo, nikaanza kufukia. Watu waliondoka mmoja mmoja, nikabaki peke yangu na jua. Nilifukia hadi alasiri. Nilikwangua kila donge, nikafagia kila chembe ya udongo aliyoitoa Ogweno, hadi ardhi ya kandokando ikawa safi kama sakafu, na shimo bado lilikuwa halijajaa.